Dawa ya Nyumba Mbili

"Mimi nimeshapigwa sindano," Chepkemboi alisema, akateremsha shuka begani ili daktari ajionee mwenyewe. "Mwambie sisi si watu wa kukimbia dawa."

Laiti angeufyata ulimi! Lakini angejuaje? Tangu asubuhi alikuwa kwenye benchi la hospitali pale Nakuru, yeye na mke mwenzake Jerop, wote wawili wakikohoa ndani ya vitambaa, na kila aliyepita alijibanza upande wa pili wa ukuta asiguswe na nguo zao. Alitaka hawa wenye makoti meupe wajue kwamba boma la mume wao Kosgei ni boma la watu wanaojitunza. Mtu aliyezoea kudharauliwa hujisifu hata mahali pasipofaa, ndivyo tulivyo.

Khaemba, msaidizi wa daktari na mkalimani wake, aliiweka kalamu chini. Alikuwa kijana wa kutoka magharibi, baba yake mtu wa reli, na Kiswahili chake kilikwenda pole pole ili watu wa mashamba wamwelewe.

"Sindano gani, mama? Nani alikupiga?"

"Yule mtu wa baiskeli anayezunguka mashambani. Tulimpa mbuzi."

Khaemba alimgeukia daktari, mama wa Kizungu mwenye uso mwekundu, wakasemezana. Daktari akatikisa kichwa, na kwa kweli alionekana kusikitika.

"Ni hivi, mama zangu," Khaemba alisema. "Hii ni dawa mpya. Wanataka kujua kama vidonge hivi peke yake vinaweza kumaliza kifua kikuu, mgonjwa akalazwa kidogo tu kisha amezee nyumbani. Ndiyo maana wanachukua watu ambao hawajaonja dawa yoyote. Ukichanganya na sindano nyingine, hawatajua kilichomponya mtu ni kipi. Mama mdogo atabaki. Mama mkubwa arudi nyumbani, labda mwakani tutafungua kwa watu wote."

"Kwa hivyo nafukuzwa kwa sababu nilijitibu?" Chepkemboi aliuliza.

"Hufukuzwi, mama."

"Basi hii ni nini? Karamu?"

Na kumbe yule mtu wa baiskeli alikuwa mfagiaji tu wa zahanati ya jeshi zamani za vita, na alichokuwa akiwadunga watu hakijulikani mpaka leo. Huenda yalikuwa maji ya mtoni. Chepkemboi alikuwa amefungiwa mlango kwa sababu ya mbuzi wake mwenyewe.

Nje, alipokuwa akimuaga Jerop, alijifunga shuka vizuri akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Ningejua ningemwambia sijawahi hata kuoga," alisema. Jerop alimshika mkono akalia waziwazi mbele ya watu. Chepkemboi akamwambia aache upuuzi, aende akapone, atamkuta.

Ndipo Chepkemboi akarudi peke yake kwa lori la maua ya pareto hadi Molo, na dereva akamkalisha nyuma juu ya magunia.

*

Watu husema mke mwenza ni mwiba, na mara nyingi husema kweli. Lakini hawa wawili hawakuwa hivyo. Chepkemboi ndiye aliyemtafuta Jerop mwenyewe, akaenda kwao kumposa, akamwambia Kosgei, "Huyu ndiye nimemtaka, ukitaka mwingine utanitafutia na mimi pa kwenda." Jerop alipokaa miaka bila kupata mtoto, na maneno yakaanza kuzunguka kule kwenye mistari ya vibanda vya wafanyakazi, Chepkemboi alimshika binti yake wa mwisho, Chepchirchir, akampeleka kwa mkono hadi nyumba ya pili. "Huyu atalala hapa," alisema. "Atakuteka maji, atakuwashia moto. Akikuita mama, itika." Tangu hapo msichana alikuwa wa nyumba zote mbili, na Jerop angeweza kutembea juu ya makaa kwa ajili ya yule mwanamke.

Kwa hiyo muelewe jinsi ilivyokuwa Jerop aliporudi kutoka hospitali.

Alirudi amejaa mashavuni, na mkononi ana kopo la vidonge. Kosgei alikuwa ametoka kukamua ng'ombe wa Mzungu mwenye shamba, bado ananuka maziwa. Alilichukua kopo, akalitikisa, akaliweka mbele ya Chepkemboi aliyekuwa amelala kando ya moto, mifupa ya mabega imemtoka.

"Kila kinachoingia boma hili kinapita mkononi mwa mama mkubwa," alisema. "Chumvi, nyama, blanketi. Sijawahi kulisha nyumba moja nyingine ikitazama, na sitaanza uzeeni."

"Dawa si nyama, Kosgei," Chepkemboi alisema. "Aliyepewa ni yeye."

"Na wewe ulinyimwa kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la mbuzi wako."

Masikioni mwa Jerop ilikuwapo bado sauti ya Khaemba: *Viwili kila asubuhi, wewe peke yako, usimpe mtu.* Alikuwa ameyasikia vizuri. Si kwamba hakuelewa, jamani, msimwone mjinga. Aliyaona ni maneno ya watu wa mjini, watu wanaofunga mlango wakila. Yule Khaemba alilelewa wapi, hata amwambie mtu ameze peke yake mbele ya mgonjwa mwenzake? Na tena vilikuwa viwili. Kama Mungu alitaka vimezwe na mtu mmoja, si angeweka nguvu yote katika kimoja?

Chepkemboi akashikwa na kikohozi. Alipoondoa kitambaa mdomoni kilikuwa chekundu, naye akakikunja haraka akakiweka chini ya paja wasikione.

Jerop alisimama. Alifungua kopo, akachukua vidonge viwili, akameza kimoja, akapiga magoti na kingine kwenye kiganja.

"Nikimeza vyote viwili na wewe uko hivi, vitanipita kooni?" alisema. "Meza, mama Chepchirchir. Usinifanye nikawa mchawi."

"Walisema upewe wewe."

"Walisema mengi. Meza."

Chepkemboi alimeza. Kosgei alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akatoka kwenda kufunga ndama. Alikuwa mtu wa haki, Kosgei. Ukimuuliza yeyote pale shambani angekwambia.

*

Na ajabu ni kwamba ilifanya kazi! Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii. Baada ya muda mfupi damu ya Chepkemboi ilikauka. Akaanza kuomba chakula. Akaanza kugombana na kuku. Siku moja Jerop alimkuta amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, anamfokea Chepchirchir kwa kutokisugua vizuri kwa mkaa, na sauti ile ilikuwa imetoka kifuani bila kukatika. Jerop alikwenda nyuma ya nyumba akamshukuru Mungu kwa machozi.

Mambo mengine hayakuwa mazuri. Nyapara wa shamba alisikia kwamba kuna kifua kikuu kwa Kosgei. Kule kwenye pareto wanawake waliambiwa wasichanganye vikapu na mtu wa boma lile, na kwenye pipa la maji Jerop alinyimwa kikombe, akawa anakunywa kwa mikono kama mtoto. Nyapara alimwambia Kosgei mbele ya wachungaji wenzake, "Bwana akijua utatafuta shamba lingine, na siku hizi za Hali ya Hatari sijui utapita wapi bila barua yake." Kosgei akasema ndiyo mzee, kwa mtu aliye mdogo kwake kwa umri. Chepkemboi alipoambiwa alisema, "Wacha waseme. Tukishapona watatuomba kikombe sisi."

Siku Khaemba alipokuja hakuwa ametuma habari. Ndivyo walivyofanya kazi wale watu wa utafiti: wanakuja ghafla, wakukute ulivyo. Alishuka treni Molo, akaazima baiskeli, akafika boma amejaa matope hadi magotini.

"Chamgei, mama," alisema. Alikuwa amejifunza salamu ya lugha yao.

"Chamgei mising. Karibu uji."

"Kwanza kazi. Nionyeshe kopo." Alivihesabu vidonge, vikawa sawasawa na siku. Vitakosaje kuwa sawasawa? Viwili vilitoka kila asubuhi. Kisha akamkabidhi Jerop kichupa na kumwomba mkojo. Lo! Kijana wa kiume kumwomba mke wa mtu mkojo mchana kweupe, na Kosgei amesimama pale anatazama milima! Jerop alikwenda nyuma ya boma uso ukimwaka. Khaemba alitia maji yake ya dawa, rangi ikageuka, akatabasamu.

"Dawa imo. Umemeza vizuri, mama. Wengine wanatudanganya, wanavitupa shimoni."

"Sisi hatuwezi kutupa," Jerop alisema, na hakuwa amesema uongo.

Khaemba alikunywa uji. Macho yake yalimfuata Chepkemboi, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni. Mwanamke huyu alikuwa amemwona benchini Nakuru akiwa nusu maiti.

"Na wewe mama mkubwa? Naona umepata nafuu."

"Mungu anasaidia," Chepkemboi alisema bila kusimama.

Khaemba alifungua mdomo, akaufunga. Kama kuna swali ambalo lingeokoa boma lile, lilikuwa pale mdomoni mwake. Lakini mawingu yalikuwa yameshuka, na treni ya kurudi haingojei mtu. Mkojo ulikuwa mzuri, hesabu ilikuwa nzuri. Alishukuru kwa uji akaondoka na baiskeli ya watu.

*

Kikohozi kilirudi na mvua ndefu. Kilianzia kwa Jerop, akasema ni baridi ya Molo. Kisha kwa Chepkemboi, naye akasema ni moshi. Walidanganyana hivyo kwa muda, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na kila asubuhi wakiendelea kumeza kimoja kimoja. Kisha damu ikaja, na ikaja kwa wote wawili.

Habari njema nayo haikuchelewa, kana kwamba inawacheka. Khaemba alituma ujumbe kwa dereva wa lori: utafiti umeonyesha vidonge vinaponya, watu wengi sana wamepona, na sasa mlango uko wazi kwa kila mtu, aliyepigwa sindano na asiyepigwa. Mama mkubwa aje.

"Unaona?" Jerop alisema akimsaidia Chepkemboi kupanda lori. "Sasa utakuwa na kopo lako."

Walitema makohozi katika vikombe wakarudi nyumbani kungoja. Walipoitwa tena, daktari hakuwa peke yake na Khaemba. Kulikuwa na Mzungu mwingine anayetazama makaratasi yake tu. Daktari aliuliza swali moja, na Khaemba akalitafsiri akitazama meza.

"Vidonge, mama Jerop. Ulimeza vyote viwili kila siku?"

"Nilimeza."

"Mama. Wadudu waliotoka kifuani mwako wamewekwa katika dawa hii hapa ndani, na hawakufa. Na wa mama mkubwa, ambaye hatukumpa hata kimoja, nao wamewekwa, na hawakufa. Nakuuliza tena."

Jerop alimtazama Chepkemboi. Chepkemboi, ambaye habari ya wadudu ilimpita lakini swali alilielewa, alimwambia kwa lugha yao, "Waambie ukweli, tusije tukaonekana wezi."

"Tuligawana," Jerop alisema. "Kimoja mimi, kimoja yeye. Asingekuwa hai."

Daktari alivua miwani akajifuta macho. Yule Mzungu mwingine alitoka nje. Khaemba alieleza kwa muda mrefu, akirudia na kurudia, kwamba dawa nusu haiui, inajeruhi tu. Na mdudu aliyejeruhiwa na asife hujifunza, na watoto wake huzaliwa wakijua. Kama mtu anayempiga nyoka kwa fito, alisema. Sasa vidonge vile kwa wao wawili ni chokaa. Ziko dawa nyingine, za sindano, za kulazwa mwaka mzima, lakini vitanda havitoshi. Majina yao yatawekwa kwenye foleni.

"Ningevimeza vyote mimi," Jerop aliuliza, "ningepona?"

"Ungepona."

"Na yeye? Angefika siku hii ya leo akanikuta, akapewa vyake?"

Khaemba alimuuliza daktari. Daktari alisema neno moja fupi.

"Hajui," Khaemba alisema.

*

Chepchirchir alikuwa na nguvu za ng'ombe dume. Alichuma pareto kuliko wanawake wawili, na tayari kulikuwa na watu kutoka Olenguruone waliokuja kuulizia posa. Alipoanza kukohoa alijificha zizini akohoe huko. Jerop alimkuta.

Safari hii hawakungoja hata siku moja. Chepkemboi alikuwa hawezi tena kuinuka, foleni ya vitanda haijawafikia, lakini aliketi akiegemea ukuta akatoa amri kama jemadari. "Kosgei, nenda kwa Bwana ukaombe barua, na akikufukuza akufukuze. Jerop, mpeleke wewe. Na wakimuuliza kama ameonja dawa, sema kweli: hajaonja."

"Hajaonja," Jerop alisema.

"Sindano hajapigwa. Kidonge hajalamba hata kwa ulimi. Nilikuwa nalifunga kopo kwa kitambaa asiliguse. Huyu watamchukua."

Walimchukua. Daktari alimshika msichana kidevu akamwambia ni mzuri. Akalazwa wadi ya wanawake karibu na dirisha, na muuguzi alisimama mbele yake kila asubuhi mpaka ameze vyote na kufungua mdomo uonekane mtupu. Jerop alirudi na habari hizo, na Chepkemboi akamfanya azisimulie tena na tena: dirisha liko upande gani, muuguzi ni mtu wa wapi, mtoto anafungua mdomo vipi.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama Chepchirchir. Peke yake."

"Asimpe mtu."

"Hawezi kumpa mtu. Wanamtazama."

"Basi," Chepkemboi alisema. "Basi. Mimi nikienda naenda nimeshiba." Na kwa siku kadhaa alikuwa na furaha, furaha kabisa, amelala pale hana nyama mwilini, akipanga mahari ya binti yake na kumgombeza Kosgei kwa ng'ombe ambao hawajaja.

Khaemba alikuja jua likiwa la alasiri, kwa baiskeli ileile ya kuazima. Hakusema chamgei. Alimwita Jerop nje hadi kwenye ua, mbali na mlango, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili.

"Chepchirchir hapati nafuu, mama. Tumepima."

"Mbona anameza?"

"Anameza vyote."

"Si mlisema wanaomeza vyote wanapona?"

"Wanapona, kama wadudu wao ni wapya. Wake si wapya." Khaemba aliyashusha macho kwenye gurudumu. "Hakuambukizwa na mtu baki, mama. Aliwapata humu bomani, na waliokuwa humu walikuwa wameshajifunza. Hajawahi kuonja dawa na dawa haimfanyi kitu. Daktari anasema jina lake litakwenda foleni ya sindano. Amesema nikwambie anasikitika sana."

Jerop alishika fito ya ua.

"Ni nani alimpa?" aliuliza. "Mimi au mama yake?"

"Haiwezi kujulikana. Wadudu wenu ni wale wale, mligawana dawa moja. Usijiulize hilo."

"Jerop!" Chepkemboi aliita kutoka ndani, kwa ile sauti iliyobaki. "Ni Khaemba huyo? Anasemaje? Mtoto amenenepa?"

Khaemba alisema angeweza kuingia amwambie Chepkemboi yeye mwenyewe. Jerop alimkatalia kwa mkono. Aliingia, akachutama kando ya kitanda, na akiwa bado hajui atasema nini, aliuona uso wa yule mwanamke ukibadilika. Chepkemboi hakuwa mtu wa kufichwa. Alitambua.

"Haimponyi?"

"Haimponyi."

"Kwa nini? Hajaonja kitu!"

"Aliambukizwa wadudu waliovishinda vidonge vyetu."

Kuku alipita mlangoni. Chepkemboi aliitazama mikono yake, akaanza kupumua haraka haraka, na Jerop aliona jambo lile likimjia mzimamzima: mwanamke yule atakufa wiki hii au ijayo akijua kwamba alimuua mtoto wake kwa pumzi yake mwenyewe. Hilo Jerop hangelivumilia.

"Ni mimi," alisema. "Khaemba amesema wamepima wakaona ni wangu. Alikuwa analala nyumbani kwangu. Ni mimi niliyempa, si wewe."

Chepkemboi alimtazama. Jerop alingoja mkono uje kumgusa kichwani, kama ulivyokuja kila alipolia ndani ya boma lile.

"Nilikupa mtoto wangu," Chepkemboi alisema.

Akageuka akaelekea ukutani. Jioni Jerop alimletea uji, akauweka karibu na mkono wake, akamwita kwa jina la mtoto kama siku zote. Chepkemboi hakuitika. Kosgei alipoingia ndiye aliyempa kwa kijiko, na asubuhi ikawa vivyo hivyo, na siku zote chache zilizobaki, Jerop akipika na mtu mwingine akilisha.